Kiatu Kwenye Mpini wa Friji

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa kwenye ngazi ya gari lako, miguu imevimba, na Bi Miwani amelala ndani mdomo wazi. Nimeamua kuandika kwa sababu wewe na simu hampikiki chungu kimoja. Mara ya mwisho nilikwambia nimekabidhiwa gari, ukanijibu kwamba umeshakula.

Ndiyo, nimekabidhiwa. Kazi uliyoifanya wewe na ile aliyoifanya marehemu mama, zote mbili sasa ni za mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nafasi ya dereva wameifuta. Asubuhi naendesha, mchana nachanja, jioni naendesha tena. Bi Miwani ni karani wa kadi. Anaandika na kulalamika, na kote kuwili hana uvivu.

Humu ndani kila kitu kipo kama ulivyokiacha. Kitanda, sinki lisilotoa maji, jiko dogo, na lile friji la gesi tunalobebea chanjo. Na kwenye mpini wa friji, kimefungwa kwa kamba, kiatu chako cha kushoto. Ofisini walinieleza huku wanacheka: kila ulipozima moto wa friji ili ukajaze mafuta, ulivua kiatu cha kushoto ukakitundika pale, ukaendesha mguu mtupu mpaka ulipowasha tena, usije ukasahau. Nikacheka nao.

Jana sikucheka. Niliingia kituo cha mafuta moto ukiwaka. Muuza mafuta alikuwa ameshika bomba tayari, akainama kuokota kifuniko kilichomponyoka, akaona mwanga wa buluu kwenye kitundu cha ubavuni mwa gari. Hakupiga kelele. Alirudisha bomba mahali pake taratibu, akarudi nyuma hatua kama kumi, ndipo akapiga kelele. Maneno aliyoniambia siyaandiki, wewe ni mjomba wangu.

Nilizima moto palepale. Kisha kwa aibu niliondoka mbio, na kuwasha tena nikasahau. Nilipokuja kushtuka, kipimajoto kilikuwa kimepita nyuzi kumi na mbili, wakati chanjo hazitakiwi kuzidi nane. Boksi zima nimelitia alama ya kutupwa na nimeandika ripoti. Mkuu wa chanjo amenifokea kama mtoto. Makazi mawili tumeyapita bila kuchanja mtu, na wale kina mama walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri.

Nifundishe, mjomba. Na uniambie hicho kiatu kilianza lini, maana mama hakuwahi kunisimulia.

Mpwa wako aliyechoka


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Moto kwenye kituo cha mafuta! Ungewapeleka wote ahera, na Bi Miwani angefika huko bado analalamika.

Chumba changu unakijua, dirisha linatazama pampu za mafuta moja kwa moja. Nakaa hapa toka asubuhi nawaangalia wajinga. Huyu anajaza injini ikinguruma, yule ana sigara sikioni. Sikujua kwamba mjinga mwingine ni damu yangu.

Sasa sikiliza. Friji hilo lilikuwa na pande mbili, gesi na umeme wa gari. Gari likiwa mwendoni ilitakiwa utumie umeme na mtungi ufungwe kabisa, kwa sababu mpira wa gesi ukichomoka kwenye mashimo ya barabara hutapata habari mpaka uchelewe. Upande wa umeme ulikufa zamani. Niliwaandikia ofisini mara kumi na nne wakaniahidi fundi, na huyo fundi nadhani bado anafunga viatu. Waandikie wewe mara ya kumi na tano, na usichoke. Mpaka watakapotengeneza, kila ukisimama nusa, na pitisha povu la sabuni kwenye maungio ya mpira.

Ukienda kujaza mafuta, zima ukiwa mbali, ukikiona kibao tu. Usingoje ufike. Funga mtungi wenyewe, si kitufe cha friji peke yake. Chungulia kitunduni mpaka uone giza. Vua kiatu, kitundike, ndipo uingie. Ukimaliza kujaza usiwashe palepale, maana mvuke wa petroli hauonekani na unatambaa chini. Toka, nenda mpaka pampu zisionekane, egesha mahali palipo sawa, kwa sababu gari likilala upande friji hilo halipoi hata uliimbie. Fungua dirisha, washa, ngoja moto utulie uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, zima, kuna uchafu. Ukishauona wa buluu ndipo uvae kiatu. Kabla ya hapo usivae. Hata kama mvua inanyesha, hata kama watu wanakucheka, hata kama una mgonjwa ndani ya gari. Usivae.

Boksi ulilolitupa, umefanya vizuri. Usilifikirie tena, wala usimsikilize mkuu wako. Umefanya vizuri sana, mwanangu.

Kiatu kilianza zamani. Mtu akizeeka anaota vituko kama anavyoota mvi.

Mjomba wako


23 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Navua kiatu siku hizi. Wauza mafuta wananiita Mguu Mmoja, na mmoja ameniuliza kama ni nadhiri. Sijasahau tena hata siku moja.

Leo lakini sina moyo wa utani. Tuko kwenye kambi ya kokoto, pale wanapoponda mawe, nyumba zote zina vumbi jeupe hadi ndani ya sufuria. Surua imeingia. Watoto tisa wamelala, macho mekundu, kifua kinabana, na nimeshinda nao siku nne mfululizo. Jambo linaloniumiza kichwa ni umri wao. Wadogo hawana kitu. Wanaougua ni wa miaka kumi na mmoja, kumi na miwili, kumi na mitatu. Wote wana kadi za chanjo, mama zao wamezitunza vizuri kwenye mifuko ya nailoni. Na kwenye kila kadi kuna saini ya mama. Nimeiona saini ile mara tisa kwa asubuhi moja, na ule mkia wake unaorudi nyuma kama umesahau kitu. Mara ya kwanza nilifurahi, kama niliyekutana na mama mwenyewe njiani. Mara ya tisa nikatoka nje.

Chini ya kitanda cha gari, kwenye sanduku la vyuma chakavu, nimekuta daftari la joto la mwaka ule. Unalikumbuka, asubuhi na jioni mnasoma kipimajoto mnaandika. Mwezi mzima namba zinacheza kama inavyotakiwa: nne, saba, sita, tatu, nane. Halafu siku tatu zinakuja tano, tano, tano, tano, tano, tano. Wino mmoja, mkono umekandamiza vilevile, utadhani zimeandikwa kwa pumzi moja. Chini yake kuna saini ya mama. Siku ya tatu ndiyo tarehe iliyo kwenye kadi zote tisa.

Friji lile halijawahi kutulia kwenye namba moja hata kutwa nzima. Mimi nalala nalo, nalijua. Wewe ulikuwapo, mjomba. Kulitokea nini?

Mpwa wako


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole na kazi, pole na hao watoto. Wape maji kwa wingi, lakini nani mimi wa kukufundisha.

Umeniuliza habari za miaka kumi na mmoja iliyopita, na mimi siku hizi nasahau miwani imenikaa puani. Nikumbukavyo, safari ile mama yako alikuwa anaumwa homa kali, alilala nyuma karibu njia yote. Alikuwa muuguzi bora kuliko wote niliowabeba, usisikie la mtu. Friji likiegeshwa sawa linaweza kusimama kwenye tano hata siku tatu. Si ajabu.

Hilo daftari halikutakiwa liwepo. Madaftari ya zamani yalikuwa yanachomwa kila mwaka, sijui nani alilisahau humo. Lichome, linakaribisha panya. Wagonjwa wahudumie, wazima uwachanje upya, basi. Surua ni surua, haina haja ya kutafutiwa mchawi.

Mpira wa gesi umeupaka sabuni? Hukunijibu.

Sijisikii vizuri wiki hii. Hata dirishani sikai.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba,

Nimeelewa. Hukutaka kuniambia, lakini umeniambia. Unamficha mama.

Alikuwa anaumwa, amelala nyuma, hana nguvu ya kuinuka kusoma kipimajoto. Akaandika tano zote sita kwa mkupuo akiwa kitandani, akatia saini, akaamka akachanja. Wewe ulikuwa usukani, utajuaje. Na baadaye ulipojua, ukanyamaza kwa ajili ya dada yako. Ningekuwa na kaka labda angenifanyia hivyohivyo.

Mjomba, mimi nilisomea kazi hii kwa sababu yake. Nilikuwa naivaa kofia yake nyeupe mbele ya kioo. Picha yake niliibandika juu ya usukani siku ya kwanza, na juzi nimeigeuza, uso ukaangalia kioo cha mbele, kwa sababu nilishindwa kuendesha ananitazama. Kumkasirikia mtu aliyekufa ni kazi ngumu, hajibu.

Sasa niambie kitu kimoja tu. Tangu surua ianze nimekuwa nikiomba dozi za watoto wakubwa, na ofisini hawatoi bila karatasi ya sababu: nani alikuwa na dhamana ya friji, lini, na chanjo ile ilipita makazi gani. Mkuu wa chanjo hana haraka, anasema huenda ni bahati mbaya ya kambi moja. Lakini mimi najua siku moja mlikuwa hamchanji kambi moja tu. Orodha ya safari ile haipo, nimepekua mpaka chini ya godoro. Kwa hiyo mahali pengine, sijui wapi, kuna watoto wa rika lile wenye kadi safi na mwili usio na kinga, na surua inatembea na malori ya kokoto.

Karatasi nimeshaijaza. Mahali pa jina nimeandika jina la mama. Kwenye sababu nimeandika uzembe, nikafuta, nikaandika tena. Naipeleka tarehe ishirini. Sikuombi unisaidie kumlaumu. Nikumbushe tu njia mliyopita.

Mpwa wako


13 Machi

Mwanangu,

Futa jina la mama yako.

Nimeanza na hilo ili hata karatasi nyingine ikipotea hii ifike. Lifute. Andika langu.

Siku ile ilikuwa ya kumi na tisa tuko barabarani. Mama yako aliamka na homa, jasho limelowesha shuka, anaongea maneno yasiyoshikana. Nikaingia kujaza mafuta kwenye kile kituo cha kabla ya daraja la chuma. Moto nilizima vizuri, mbali, kama nilivyokufundisha. Nikajaza. Nilipotoka alikuwa ananiita, anataka maji, nikampa, nikamwambia vumilia nakukimbiza mahali penye kivuli. Nikakanyaga mafuta. Sikuwasha.

Jioni aliinua kichwa akaniuliza, kaka, moto upo? Nikamjibu upo. Sikwenda kuangalia. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kutoka kwenye kiti mpaka kwenye friji niliona ni safari. Nilijiambia bila shaka niliwasha, nimewasha maelfu ya mara, mkono unawasha wenyewe. Kesho yake hivyohivyo. Daftari sikuligusa, kumuuguza peke yake ilikuwa kazi. Siku ya tatu asubuhi aliamka mzima, akaoga, akaniambia niandae boksi. Nikafungua friji, hewa ya moto ikanipiga usoni. Kipimajoto kilisema ishirini na nane.

Nje foleni ilikuwa imeshapangwa. Chanjo iliyokufa haibadiliki rangi, haitoi harufu. Nilizishika mkononi, zilikuwa vilevile. Nilisimama pale, mwanangu, labda dakika mbili. Nikawasha moto. Nikachukua kalamu nikaandika tano mara sita, hata ya jioni ambayo ilikuwa bado haijafika. Mama yako akaja akasoma, akatia saini bila kuuliza, kwa sababu mwandishi alikuwa mimi. Akanishika bega akasema, kaka, bila wewe safari hii ingenishinda. Baada ya neno hilo ningemwambia nini?

Ningemwambia kweli, basi. Hilo ndilo jibu, na nimekuwa nalo miaka kumi na mmoja.

Uliniuliza kiatu kilianza lini. Kilianza safari iliyofuata. Mama yako alikuwa ananicheka, eti kaka umeanza kuzeeka vibaya, na mimi nikacheka naye. Alikufa hajui. Na mimi nilipokuandikia uchome daftari nilijua nafanya nini. Nilikuwa tayari umchukie dada yangu, kwa kuwa yeye hawezi kukuandikia barua. Ndivyo nilivyo mjomba wako, umenijua leo.

Njia ni hii. Asubuhi kambi ya kokoto. Saa tano kiwanda cha matofali, nyumba za wafanyakazi zilizo nyuma ya tanuri. Mchana stesheni ya zamani, wale waliokuwa wanaishi kwenye mabehewa. Jioni makazi ya mnara, upande wa chini tu, wa juu tulichanja safari nyingine. Boksi likaishia hapo. Stesheni anza nayo, watu wake walikuwa wengi na wanahamahama.

Lile boksi lako ulilitupa siku ileile na ukaandika ripoti. Nilipoisoma niliweka barua chini nikalia, nawe ukadhani nakufundisha kazi.

Niambie jambo moja. Hao watoto tisa wamepona wote?

Mjomba wako


17 Machi

Mjomba,

Nimefuta jina. Nimeandika lako, na kwenye sababu nimeandika ulivyoeleza, bila lile neno uzembe. Mkuu wa chanjo ameisoma mara mbili. Dozi ametoa siku hiyohiyo. Stesheni tumemaliza jana, mia moja na arobaini, wengine wameota ndevu na bado wanaogopa sindano. Kiwanda cha matofali tumemaliza leo. Mnara ni kesho. Bi Miwani hajalalamika siku mbili, naona anaumwa.

Picha ya mama nimeigeuza, inanitazama tena. Nimemwomba radhi kwa sauti, mbele ya Bi Miwani, sikujali.

Wewe sijui nikwambie nini. Ni wewe uliyenifundisha baiskeli, ni wewe uliyelijenga kaburi la mama kwa mikono yako. Nakupenda na sijakusamehe, na nimechoka mno hata kuamua kipi kitangulie.

Tisa wamepona. Lakini nilikudanganya, mjomba, tangu barua ile ya kokoto. Nilikuandikia tisa kwa sababu nilikuhurumia, nilijua utaniwazia, niko peke yangu na kazi hii. Walikuwa kumi. Wa kumi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na siku tuliyofika alikuwa ameshazikwa siku mbili. Mama yake anaponda mawe mstari wa mbele, karibu na mzani. Alikuja na kadi kwenye mfuko wake wa nailoni, akaifungua mbele yangu. Aliniuliza, kama mwanangu alichanjwa, hii kadi ilikuwa ya nini?

Nilimjibu kwamba nitauliza. Kila nikipita ananitazama, anasubiri. Sasa nimeuliza na nimejibiwa, lakini jibu si langu. Siwezi kumpelekea mimi.

Ijumaa nashuka mjini kuchukua mtungi mpya. Saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Vaa viatu vyote viwili, tunakwenda kwenye kokoto.

Mpwa wako


19 Machi

Mwanangu,

Barua imefika. Nimeisoma, na jina la msichana sikuulizi, nitamuuliza mama yake.

Shati nimeshafua. Ijumaa kuanzia saa moja nitakuwa nimekaa ngazini.

Najua utajaza mafuta hapo mbele ya dirisha langu kabla hujanichukua. Zima moto mbali kama kawaida, funga mtungi, uje mguu mtupu. Ukishajaza usihangaike kuwasha. Nipitie kwanza, tusogee wote mpaka pampu zisionekane, na moto nitawasha mimi. Wewe simama nyuma yangu uangalie mpaka uwe wa buluu.

Mjomba wako